Malipo Yaliyoning'inia Dukani kwa Shobhana

Duka la Shobhana lilikuwa wazi, vitenge vimepangwa hadi darini, wateja wamefurika hadi barazani, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulipa.

"Imegoma tena!" mmoja alifoka, simu mkononi. "Mama, kama hutaki hela zetu si useme!"

Inspekta Paskalina wa upelelezi wa makosa ya mtandao alisimama mlangoni akiangalia. Hakuwa mtu wa papara. Alimgeukia Elibariki, fundi wa Kijiti, mtandao ambao wenye maduka wa Kariakoo waliuanzisha wenyewe ili walipane.

"Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Kila duka lina kisanduku, afande. Malipo hupita kisanduku hadi kisanduku, kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti. Cha Shobhana, mama Darshana huyu, kiko katikati, wengi hupitia kwake. Sasa kuna mtu anarusha malipo madogo madogo, maelfu. Hayafiki wala hayarudi, yananing'inia tu njiani. Mteja wa kweli akija, njia imejaa."

"Hakuna kinga?"

"Ipo. Mgeni analipa ada kila akijaribu, na mlango wake ni mwembamba. Lakini mafuriko haya yamepita mlango mpana, wa wanaoaminiwa. Mama Darshana aliwapa watu wawili tu. Ni yupi, kisanduku hakisemi. Kinajua mlango, hakijui jina."

Shobhana alikuwa nyuma ya meza, macho mekundu. "Jioni hii wenzangu wanakutana. Njia isipofunguka wananitoa kwenye Kijiti. Nikitolewa nimekwisha, afande. Nafunga duka."

"Hao wawili ni akina nani?"

"Mama Robert, Severa, wa duka la mkabala. Rafiki yangu tangu usichana. Na Nice, anauza nyuzi huko nyuma ya kona. Huyo mgeni. Ananifundisha kuuza mtandaoni."

"Mafuriko huanza saa ngapi?"

Elibariki alitazama kompyuta yake. "Hayana saa. Jana asubuhi mapema. Juzi karibu adhuhuri."

"Mama, juzi kabla hayajaanza uliuza nini?"

"Juzi si ilinyesha? Hakuja mtu. Mchana nikauza doti moja, ndipo ikaziba."

"Na jana?"

"Jana pia moja, halafu..." Shobhana alishika kifua. "Kila siku moja inapita!"

Paskalina aliikumbuka desturi ya mteja wa kwanza. Mkono wa kwanza. Wafanyabiashara wa zamani wa Kariakoo wanalijua hilo kama wanavyoijua sala: mteja wa kufungulia hazuiwi, hata awe wa adui yako. Ukimzibia mwenzio mkono wa kwanza, riziki inayofungwa ni yako. Mhalifu wa mbali angejuaje kwamba duka limeshafunguliwa? Na angejali nini?

Alizunguka kona.

"Shikamoo, afande," Nice alisema.

"Marahaba. Mteja wa kwanza akikusumbua bei, unafanyaje?"

"Aende zake! Mambo ya kufungulia hayo ni ya kina mama. Mimi naamini matangazo."

Kutoka kibandani kwake, duka la Shobhana halikuonekana kabisa.

Kwa Severa, simu ililia malipo yakiingia. Aliigusisha kwenye paji la uso, akanong'ona, "Asante Yesu," ndipo akainua macho. Simu ya pili ilikuwa inawaka chini ya meza.

"Karibu, afande. Nisamehe, ndiyo kwanza nafunguliwa."

"Nimekuja kwa ajili ya jirani yako."

"Masikini! Nilimwonya. Mchunguzeni yule Nice."

"Tuseme ni Nice. Angeanza lini? Kabla ya mteja wa kwanza?"

"Hapana!" Severa aliruka. "Hiyo ni laana!"

"Nice haamini laana hiyo. Wala haoni duka la Shobhana. Wewe unaona kila doti inayotoka." Sauti ya Paskalina ilibaki chini. "Mama Robert, una haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa. Naomba na simu hiyo iliyo chini ya meza. Ni kidhibiti cha kesi."

Severa aliitoa taratibu.

"Kijana mmoja pale Mnazi Mmoja ndiye aliniwekea. Mimi nabonyeza tu."

"Kwa nini?"

"Miaka yote hiyo tulikunywa chai hapa, afande. Mimi maandazi, yeye tangawizi. Nilipofiwa na mume wangu alikaa na mimi matangani. Mtu asiyekula nyama, kakaa mbele ya masufuria ya nyama bila kukunja uso! Halafu akaja yule msichana. Chai ikahamia kona. Wanacheka, nikipita wananyamaza. Na mlango mpana akampa, kama alionipa mimi!"

"Ulitaka afunge duka?"

"Nilitaka aamini ni Nice. Amfukuze. Arudi kwangu."

"Si ungemwambia tu?"

"Ningesemaje? Mtu mzima, mjane, mama wa watu, niseme naona wivu wa chai?"

Paskalina alimpigia fundi. Elibariki aliufunga mlango wa Severa, akayaachia yote yaliyokuwa yakining'inia. Ng'ambo, simu za wateja zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Watu wakashangilia.

Severa hakuuliza atafungwa miaka mingapi. Alishikwa mkono, akatoka barazani, akanyoosha shingo juu ya vichwa vya watu kuelekea dukani kwa Shobhana.

"Afande," alinong'ona, "yule msichana naye yumo humo ndani?"