Kiti cha Nyuma cha Bibi Maud

Mikanda ya kiti cha nyuma ilikuwa imelegezwa tena.

Rowena alikuwa ameikaza mwenyewe jana kabla hajafunga banda, maana ndege ikipaa na mtu mmoja, mikanda ya nyuma ikiachwa ovyo hunasa kwenye nyaya za usukani. Fundi mzembe ndiye husahau jambo kama hilo, na yeye hakuwa mzembe. Sasa ilikuwa imevutwa hadi mwisho, kwa kipimo cha mtu mrefu, mpana wa mabega. Aliinama kuikaza upya, akasita. Nje ukungu wa Novemba ulikuwa umefunika uwanja wote, ndani ya banda baridi ilikuwa inang'ata, lakini vile vyuma vya mikanda vilikuwa na joto kama la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Na palinukia pipi za mnanaa.

"Tobias, acha mchezo," alinong'ona, ingawa alijua fika mumewe yuko chumba cha chai na wazee wa kikosi.

Kwenye uwanja ule mdogo wa ndege wa Lincolnshire, Uingereza, mtu wa pipi za mnanaa alikuwa mmoja tu, Kamanda Alaric Penhale, na huyo walikuwa wamemzika majuzi. Alikuwa amewaongoza wazee hao vitani, na alipostaafu akaifufua Bibi Maud, ndege ya kivita ya viti viwili iliyomzidi umri, akawafundisha kina Tobias kuirusha. Jamani, mtu kupendwa! Tangu mazishi wazee hawakwenda makwao mchana. Walikaa kwenye chai yao wakimsimulia, wakicheka huku wanafuta machozi.

"Injini ilizima tuko juu ya bahari," Hesketh, mzee wa redio, alikuwa anasema Rowena alipoingia. "Mimi hapo nimeshajikojolea, bwana, sisemi uongo. Yeye huko nyuma anatafuna pipi. Akanigonga bega mara mbili, akasema, 'Nimeshika.' Basi. Nikajua leo nitakula nyumbani."

Wote walilijua neno hilo. Ndivyo marubani wa viti viwili wanavyopokezana usukani, ili wasiung'ang'anie wote wala kuuachia wote: anayechukua husema "Nimeshika", anayeachia hujibu "Umeshika", kisha huweka mikono magotini.

"Sauti ile ikisema, mikono inaachia yenyewe," Tobias alisema akicheka. Kesho yake, Jumamosi, yeye ndiye angepaa peke yake na kupita juu ya kaburi la Kamanda, heshima ya mwisho ya mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Rowena akawaeleza habari ya mikanda. Alitegemea wamcheke, au waogope. Wakatazamana, na Hesketh akauliza polepole, kwa uso wa mtoto aliyeahidiwa keki, "Amekuja?"

Hapo ndipo Rowena alipoogopa kweli.

Alimwendea Padri Crispin, padri wa kikosi, akamvuta hadi bandani na maji yake ya baraka. Padri alifungua kitabu, akakohoa, akaanza. Hakufika mbali. Ndani ya ndege kitu kiligonga bati mara mbili, ngo, ngo, kama pete juu ya chuma, na harufu ya mnanaa ikawajaa puani mpaka machozi yakawatoka.

Padri akafunga kitabu.

"Endelea, Padri!"

"Alinitoa motoni amenibeba mgongoni, Rowena. Nimfukuze? Mimi?"

"Mume wangu anapaa kesho!"

"Basi hatakuwa peke yake," padri alisema, akaondoka anatabasamu. Ningekuwa mimi, ningemrushia spana!

Rowena aliikaza ile mikanda hadi mwisho, kisha akaichukulia waya na koleo, akaifunga vifundo ambavyo hata yeye angetaabika kuvifungua. Kama ni mzuka, ukose pa kukaa. Asubuhi akamshika mumewe kola.

"Usipae, mpenzi."

"Niwaambie nini wazee? Mke wangu ameogopa mikanda?"

"Basi akisema neno, usimjibu. Niahidi."

"Nakuahidi." Akambusu kipaji cha uso, akapanda.

Rowena alisimama kando ya Hesketh kwenye redio, akaitazama Bibi Maud ikipaa vizuri, ikikata kona kuelekea makaburini, na moyo ulikuwa unaanza kutulia sauti ya Tobias ilipokuja, ndogo, kama ya mtu asiyetaka kuamsha kitu, ikisema kuna mnanaa humu, Rowena, kuna mtu anapumua shingoni kwangu, na kabla hajamjibu, yeye na Hesketh wakasikia ngo, ngo, na sauti nzito, ya upole, ile iliyowatoa watu kwenye moto na bahari, ikasema, "Nimeshika."

"Usijibu! Tobias, usiachie!"

Lakini miaka yote alifundishwa neno moja la kujibu.

"Umeshika," Tobias akasema, kwa sauti ya mtu anayesinzia.

Ndege ikabinuka, ikapita juu ya kaburi kichwa chini, ikachora duara ambalo hakuna aliyewahi kulichora ila mmoja. Wazee wakavua kofia, wanalia kwa furaha. Ikatua bila kudunda hata kidogo. Akashuka Tobias, uso wake, nywele zake, lakini aliinamisha kichwa mlangoni kama mtu aliyezoea milango mifupi, na shavuni alikuwa anageuza pipi.

"Mbona mnalia? Chai hakuna?"

Wakampigia saluti. Wote, hata padri.

Akamgonga Rowena begani mara mbili. "Kazi safi, binti. Ila ule waya umezidi."

"Mrudishe," Rowena alisema. "Mrudishie usukani, nakuomba!"

"Aombe mwenyewe. Sheria anaijua."

Redio ikakwaruza. Bibi Maud ilikuwa imezimwa, tupu, na kwenye kiti cha nyuma mikanda ilikuwa imetuna, ikipanda na kushuka.

"Rowena?" Ilikuwa sauti ya Tobias. "Nimewekwa nyuma. Kuna waya, siwezi kujifungua. Nimeshika. Mnasikia? Nimeshika! Nimeshika!"

Neno moja tu la kujibu, "Umeshika", lingetosha. Rowena akamwangalia yule mwenye uso wa mumewe, naye akamwangalia Hesketh, akitafuna taratibu.

Hesketh alikuwa analia. Akanyoosha mkono, akazima redio.

"Sukari vijiko vingapi siku hizi, Kamanda?" akauliza.