Mashua ya Chaki

Baba mdogo alikuwa seremala wa zamani, mmoja wa wale wasioamini karatasi. Kabla ya kukata mbao alichora kitu chote sakafuni kwa chaki, ukubwa ule ule. Kwa hiyo nilipomkuta asubuhi moja amepiga magoti sebuleni, viti amevirundika jikoni, sikushtuka.

"Ni mashua yangu," alisema. "Nataka nizoee kukaa ndani yake kabla sijaondoka."

Safari ile waliipanga yeye na mama mdogo: kuzunguka visiwa kwa tanga, kila jioni watie nanga kwenye ghuba nyingine. Mashua ya mbao ilikuwa tayari uani, lakini mama mdogo akafariki tanga halijaisha kushonwa. Sasa mzee alitaka kwenda peke yake. Mimi sikuwa na ndugu mwingine duniani, na niliogopa kumkosa.

Ndani ya mashua alichora kitanda kimoja. Kamba ya nanga ilitoka mbele ya mashua hadi mlango wa chumba alimofia mama mdogo.

"Uzee umekurudisha utotoni," nilimtania.

Alicheka kidogo, akavua viatu, akaviweka ukutani. Kisha akapanda mashuani.

Kesho yake mashua ilikuwa imehama. Jana ililala upande wa dirisha. Leo ilikuwa upande wa jikoni, na kamba ilishika mlango ule ule. Sakafuni hapakuwa na alama ya kufutwa.

"Umeichora upya?"

"Sijaigusa. Mashua ikitia nanga hugeuka na maji, mwanangu."

"Maji gani, baba?"

Akaweka kidole mdomoni. "Taratibu," alinong'ona. "Mama yako mdogo amelala."

Nikatazama chini. Vitanda vilikuwa viwili.

Nilimsihi ahamie kwangu, siku hiyo hiyo. Nilimwambia ukweli, kwamba hata mimi nyumba imenishinda kwa ukimya. Akanitazama kwa huruma.

"Basi tutakuja kutia nanga kwako," alisema.

Nikaenda kumwandalia chumba. Niliporudi mchana kumchukua, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Majirani wakanisaidia kuuvunja. Viatu vyake vilikuwa ukutani. Yeye hakuwepo. Mashua yenyewe ilikuwa uani chini ya turubai, kavu. Sakafu ya sebuleni ilikuwa safi, haina chaki hata chembe.

Tulimtafuta kila mahali. Wahenga walisema upweke ni uvundo, mimi nimeunusa. Chumba nilichomwandalia bado nakitandika. Wakati mwingine nazungumza na birika, angalau lenyewe huitikia likichemka.

Leo nimerudi kutoka kazini mapema. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Viti vyangu vimerundikwa jikoni.

Sebuleni, chaki.

Mashua. Kamba ya nanga imefika mlango wa chumba changu.

"Baba?" nimenong'ona.

Vitanda ni vitatu. Nimevua viatu, nikajilaza kwenye cha tatu, kukipima tu.

Kimenitosha.