Ramula na Mkaguzi wa Mbale

Mvua ilipoanza kumwagika ghafla, watu waliukimbilia mlango wa soko kuu la Jinja, na katika msukumano ule Ramula akagongana na kijana mrefu mwenye shati jeupe. Nyanya alizobeba Ramula zikatapakaa. Kijana akapiga magoti matopeni, akaziokota zote.

"Umeharibu suruali, bwana. Nikushukuru vipi?"

"Nipe namba ya simu."

Simu hazikupoa tena. Ramula alikuwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo hospitalini: aliwafundisha waliopooza kuvaa, kula na kupika upya. Magid, kijana yule, aliishi Nabuyonga, Mbale, kazi yake kupima ubora wa huduma kama hizo.

"Wakinituma kukagua kwenu je, mpenzi?"

"Utatusifu tu, utake usitake!"

Wakamtuma. Mbele ya daktari mkuu na wauguzi, Magid akatangaza kwamba kitengo cha Ramula kinahesabu wagonjwa wanaoingia, lakini hakijui kama wanapona. Ramula aliona uso unawaka.

Jioni simu ikalia. "Ramu, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi! Jana tulikula samaki Masese, ukacheka na mimi, kumbe leo utaniaibisha!"

"Nilisema kweli."

"Ungeniambia mimi kwanza!" Akakata.

Akiwa amedhamiria kumthibitishia Magid kwamba wagonjwa wake wanapona, alikwenda Kimaka kwa Afande Akello, mama aliyestaafu uaskari magereza na aliyekuwa ameacha kuja kliniki. Alimkuta kitini, mkono mmoja umelala mapajani, jirani akimpikia.

"Mbona uliacha kuja, Afande?"

"Binti, ulinipa vikombe nipange, kila siku vikombe. Mimi nilitaka kusonga posho, ugali wangu mwenyewe. Hukuniuliza."

Ramula alitoka na hasira maradufu, asijue amkasirikie nani. Tangu hapo alimuuliza kila mgonjwa anataka kuweza nini, kisha akamfuata nyumbani kuona. Daktari mkuu akanung'unika kwamba anapoteza muda. Kwa Akello nako, aliposonga kwa mkono mmoja, sufuria ilizunguka jikoni, posho ikamwagika, mama wa watu akatukana. Ramula akampigia Magid, akamsimulia yote.

"Ulikuwa sahihi. Na bado ulinikosea."

"Niliogopa watasema nakupendelea. Nisamehe." Kisha akauliza, "Sufuria hiyo ina upana gani?"

Jumamosi Magid alifika kwa Akello kutoka Mbale na fremu ya chuma aliyomchomelesha fundi. Sufuria ikatulia ndani yake. Akello akasonga kwa mkono mmoja, jasho likimtiririka, hadi posho ikashikana.

"Huyu ni mumeo?" akauliza, akihema.

"Hajaniomba, Afande."

"Nakuomba," alisema Magid, mikono imejaa masizi.

"Nawa kwanza, tule," Ramula akamjibu, machozi yakimlenga. "Halafu twende kwa baba."