Sauti ya Juu ya Winchi

Siku hiyo honi ya winchi ililia kabla hajapunga kitambaa.

Ilikuwa desturi yao. Kila adhuhuri mke wa Kipanga aliacha cherehani yake, akapanda juu ya paa la jengo la zamani walimopanga chumba na sebule, akapunga kipande cha kitambaa chekundu. Mumewe alikuwa dereva wa winchi kwenye ghorofa jipya lililokuwa likipanda mtaa wa pili, refu kuliko yote ya katikati ya mji, na wenzake walimwita Kipanga kwa sababu alishinda angani. Kutoka kibandani mwake alimwona mkewe, akabonyeza honi mara moja. Pii! Basi. Mke akashuka na tabasamu, akaendelea kushona mashati ya watu. Wengine huletewa maua. Yeye aliletewa honi, na alitosheka.

Siku hiyo kitambaa kilikuwa bado mfukoni na mguu ungali kwenye ngazi, akasikia honi. Haikuwa ile ya kila siku. Ilikuwa ndefu na laini, honi ya mtu anayebembeleza.

"Kamwona nani huyu?" alijiuliza.

Alipofika juu alipunga, akapunga tena mpaka bega likamuuma. Winchi iligeuka taratibu, ikampa mgongo.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo tunavyoambiana. Mke wa Kipanga hakukonda. Wivu wake ulimnenepesha macho, masikio na hasa pua. Mume alipovua shati jioni ile, alilichukua kana kwamba analipeleka kwenye beseni, akanusa kola. Mwanamke mwingine angetafuta marashi. Yeye alikuta harufu ya udongo mbichi, udongo wa chini kabisa ambao haujawahi kuonja jua, na mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu. Marashi angalau yangekuwa tusi la kueleweka.

Halafu kulikuwa na sauti. Kipanga, kwa kuzoea ngurumo za mashine, alikuwa mtu wa kupiga kelele. Hata chumvi aliiomba kama anayezima moto. Sasa aliongea chini chini. Alilala ameuelekea ukuta, midomo ikicheza: "Taratibu. Nakusikia. Sema tu."

"Kule juu uko na nani?" mkewe alimuuliza asubuhi.

"Na upepo."

"Huo upepo una jina?"

Kipanga akacheka, lakini hakucheka naye. Alicheka na mtu mwingine aliyekuwa kichwani mwake, na mkewe akaliona hilo wazi kama doa kwenye shuka jeupe.

Alimweleza wifi yake, dada wa Kipanga, aliyekuja kila siku kumsaidia kushona vifungo.

"Wifi, kaka yangu hana ujanja huo," alisema wifi. "Akisema uongo hujikuna masikio."

"Siku hizi anajikuna mpaka damu."

Wifi akaweka sindano chini. "Basi inuka. Tukamwone huyo mwanamke kwa macho yetu, tumalize."

Uwanja wa ujenzi ulizungushiwa mabati, na juu ya mabati kulikuwa na picha za watu wakicheka katika sebule ambazo bado hazijajengwa. Ndani kulikuwa na nondo, matofali, vumbi la saruji na mafundi waliokuwa wakitafuta kivuli cha kulia chakula. Aliyewapokea alikuwa mwelekezaji wa winchi, mwanamume mnene waliyemwita Debe kwa sababu ya sauti yake.

"Nionyeshe mwanamke anayeongea na mume wangu," mke alisema, bila hata salamu.

Debe akamwangalia, akaangalia simu ya upepo iliyoning'inia kifuani mwake. "Shemeji, ngoja nikueleze kazi yetu. Kule juu haoni nyuma ya jengo. Mzigo ukishapita ukingo, yeye ni kipofu. Namwambia kwa simu hii: kushoto, shusha, simama. Anafuata sauti tu. Mimi ndiye macho yake. Mwanamke hayumo."

"Mume wangu ananuka udongo."

Debe aliposema tena, sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka mpaka wifi akalazimika kusogea.

"Siku hizi hanisubiri. Kabla sijasema kushoto, keshageuka kushoto. Na hakosei, shemeji. Hicho ndicho kinachoninyima raha, hakosei hata unywele." Akatazama chini, penye sakafu ya zege walipokuwa wamesimama. "Hapa palikuwa na kisima cha kale. Siku tunakifukia, tingatinga lilikuwa linasukuma kifusi, yeye ameinua mawe kwa winchi. Nikamsikia kwenye simu anasema, 'Samahani dada, sogea kidogo, nisije nikakuumiza.' Nikamuuliza, unaongea na nani? Akasema, na huyo dada aliyekaa ukingoni mwa kisima. Hapakuwa na mtu. Sisi wote tulimmwagia kifusi huyo asiyeonekana. Mumeo peke yake ndiye aliyemwomba radhi."

Alimvulia simu, akampa asikilize. Yeye mwenyewe, alisema, hakuwahi kusikia chochote ila mikwaruzo.

Mke akaiweka sikioni. Mwanzoni ilikuwa ni mikwaruzo kweli, kama kucha juu ya bati, kisha chini ya mikwaruzo akasikia maji, matone yakianguka moja moja mahali penye kina, na chini ya maji akasikia mwanamke akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kuamka kando ya mumewe, na mwanamke huyo akasema, kwa upole ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia uwanjani pale, "Kulia kidogo, bwana wangu. Hapo hapo. Umechoka?" Na Kipanga, yule yule aliyeomba chumvi kwa kelele, akajibu, "Nitachokaje nawe upo?"

Juu, mkono wa winchi ukageuka kulia.

Kama angesikia kwamba mumewe anakufa, pengine angeogopa kwanza. Lakini aliona wivu kwanza, wivu mtupu, mpaka meno yakamuuma. Woga ulifika baadaye, walipokuwa njiani, na wifi akamshika mkono asianguke.

Mganga waliyemwendea alikaa chumba cha juu ya duka la fundi simu. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi na haraka. Aliwasikiliza, akanusa mara moja tu lile shati walilokuja nalo, akalirudisha.

"Huyu jini anaishi kwa kujibiwa," alisema. "Kisima ndivyo kilivyo, ukikiita kinakuitikia. Mumeo kamjibu, ndiyo maana ni wake. Akiendelea, siku moja atamwambia fungua mlango wa kibanda, tembea uje, naye atatembea."

"Tufanye nini?" wifi alinong'ona.

"Mshusheni, asipande tena. Ashuke kwa sauti ya mwelekezaji peke yake, kwa sababu ndiyo sauti aliyoizoea kabla ya huyu. Akigusa ardhi, simu zote zizimwe. Asipopata wa kumjibu, huyo jini atarudi alikotoka." Akakohoa, akamgeukia mke. "Na wewe mwenye mume, usimjibu. Hata neno moja. Ukimjibu utakuwa umempa sauti yako, na hicho si kitu cha kuazimana. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi."

"Hata akinitukana?"

"Hasa akikutukana."

Kesho yake, mafundi walipotawanyika kwenda kula, Debe alianza kupanda ngazi ya winchi ili ampokee Kipanga katikati, asije akaachia mikono. Simu ya akiba alimwachia mke, afuatilie wanavyoshuka, aizime wakishafika chini. Wifi aliziba masikio kwa vidole viwili, kama alivyoagizwa, akafumba na macho kwa hiari yake.

"Kipanga," Debe alisema kwenye simu. "Shuka. Shika ngazi. Nifuate mimi."

Mlango wa kibanda ukafunguka na mtu mdogo akatokea angani, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Usishuke," sauti ya mwanamke ilisema. Harufu ya udongo mbichi ikatoka kwenye simu, ikajaa mkononi mwa mke. "Bwana wangu, huko chini ndiko walikonifukia."

"Mguu wa kulia," Debe alisema. "Sasa wa kushoto."

Kipanga alishuka. Sauti ililia, ikaomba, ikaahidi, na hakuna aliyejibu. Alipopita nusu ya njia, ikamwacha, ikamgeukia mkewe.

"Wewe wa cherehani. Mikono yako ina sugu, anasema inamkwaruza."

Mke akauma mdomo.

"Anasema chumba chako kinanuka mafuta ya mashine."

Mke akauma mdomo zaidi, akasikia ladha ya damu. Kipanga alikuwa karibu, soli za viatu vyake zilionekana, Debe alikuwa chini yake amemshika kiuno, na zilibaki ngazi chache tu, chache kabisa, na mke alijiambia kwamba matusi hayatoboi, kwamba atasimama hapa kama jiwe mpaka miguu ile iguse zege, kwamba huyu ni mdudu wa kisimani asiye na mume wala nyumba, na hapo ndipo sauti iliposema taratibu, kama anayempa habari njema:

"Sikuwa na jina. Akanipa. Ananiita Uzi."

Uzi. Ndilo jina Kipanga alilomwita yeye siku za uchumba, alipokuja kila jioni dukani alikokuwa akishona na shati lisilohitaji kushonwa. Miaka ilikuwa imepita hajalisikia. Alidhani limechakaa tu, kama yanavyochakaa majina ya mapenzi. Kumbe lilikuwa limehama.

Kidole chake kikabonyeza kitufe cha kusemea.

"Hilo jina ni langu!" alipiga kelele. "Na mume ni wangu! Koma!"

Mikwaruzo ikakatika. Maji yakanyamaza. Kisha mwanamke akasema, kwa furaha kubwa, "Asante."

Miguu ya Kipanga ikagusa ardhi. Mke akazima simu, na simu ilikuwa baridi kama chuma kilichotolewa majini.

Kipanga alilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakukumbuka kitu. Jioni ile mganga aliwapokea wote, akampapasa kichwa, akaridhika. "Kuna aliyemjibu?" aliuliza.

Debe alitikisa kichwa. Pale ngazini upepo, na pamba aliyojitia masikioni, vilimzibia kila kitu. Wifi akatikisa kichwa. Mke akamwangalia mumewe aliyekuwa amemshika mkono, mkono ule ule wenye sugu. Angesemaje mbele yake kwamba alishindwa na jina tu?

"Hapana," alisema.

Kipanga alipewa kazi ya stoo ya saruji, chini, na winchi ikapata dereva mwingine asiyempigia mtu honi. Ghorofa likapanda mpaka kivuli chake kikafika kwenye cherehani kabla ya alasiri. Mke hakulalamika. Mume alikuwa anarudi mapema, analala amemwelekea yeye, na siku moja, bila kuombwa, akamwita Uzi. Alitoka kwenda uani akalia kwa furaha.

Kitu pekee kilichomsumbua kilikuwa koo. Sauti ilikuwa inakauka. "Vumbi la vitambaa hilo," wifi alisema. "Kunywa maji moto." Alikunywa. Sauti ikazidi kukwaruza, wateja wakawa wanamwomba arudie.

Halafu Kipanga akaanza kumshukuru kwa mambo asiyoyajua.

"Maneno yale uliyoniambia jana, Uzi," alisema akifunga kamba za viatu. "Tangu nizaliwe sijaambiwa maneno kama yale."

"Maneno gani?" mke alikwaruza.

Kipanga akacheka tu, akaona haya kama bwana harusi, akatoka. Mke alibaki amekaa. Jana alishona mpaka jioni na hakuwa amesema lolote, kwa sababu koo lilimuuma. Aliyatamani hayo maneno. Aliyaonea wivu, na hakujua amwonee nani.

Jioni hiyo alikuwa sebuleni, mguu kwenye kanyagio la cherehani, akipinda suruali. Kipanga alikuwa chumbani amejinyoosha. Jua lilikuwa bado lipo nyuma ya ghorofa jipya, lakini nyumba ilikuwa imeshaingia kivulini. Akasikia mumewe akicheka. Akasikia mwanamke akicheka naye, na akakitambua kicheko hicho kabla ya kuitambua harufu ya udongo mbichi iliyokuwa ikipita chini ya mlango, kwa sababu kilikuwa kicheko chake mwenyewe, chake cha zamani, cha siku za shati lisilohitaji kushonwa.

"Umechoka, bwana wangu?" sauti yake iliuliza kutoka chumbani.

"Nitachokaje nawe upo?"

Akaruka, kiti kikaanguka. Akafungua mdomo kumwita mumewe kwa jina lake halisi, kwa nguvu zake zote. Kikatoka kitu kama kucha juu ya bati. Akajaribu tena. Mikwaruzo, mikwaruzo mitupu.

"Nini hiyo?" Kipanga aliuliza.

"Ni simu ya upepo tu, bwana wangu," sauti yake ilisema kwa upole. "Umesahau kuizima. Kaizime, uje upumzike."

Mlango ukafunguka. Kipanga akaja sebuleni, macho yake yakampita kama yanavyopita ukuta. Alisikiliza kelele inatokea wapi, akasogea, akamfikia. Vidole vyake vikapapasa kifua cha mkewe, vikapanda, vikafika kooni, taratibu, vikitafuta kitufe.

"Naizima, Uzi," alisema.