Zima Pampu

—limemezwa, dada, gari zima limemezwa na ardhi, na shangazi alikuwa ndani!

Usiniangalie hivyo, hai yuko hai. Lakini namna alivyotoka, kaa chini kwanza.

Tulikuwa watatu kule kwenye kinamasi cha pwani: mimi, shangazi na vipimo vyake vya maji, na shemeji yake fundi pampu, yule tunayemwita Spana. Kazi ilikuwa kuvuta maji kisimani siku tatu mfululizo, tuone yanashuka kiasi gani. Siku ya kwanza matope yalitufika magotini. Leo asubuhi, pakavu. Hata dimbwi la vyura limekauka. Tukafurahi kama wajinga. Spana akalisogeza gari hadi jirani na kisima.

"Shemeji, nimekutengenezea uwanja wa mpira."

Na mimi niliyesomea miamba nikacheka. Chini pale kuna jiwe la chokaa lenye matundu kama sifongo, na kilichoshikilia dari ya matundu hayo ni maji yaleyale tuliyokuwa tunayavuta. Swali hilo nililijibu kwenye mtihani, tena nikapata alama nzuri.

Saa nne shangazi akaingia garini kuchukua daftari. Nikasikia mlio kama godoro linachanwa. Ufa ukakimbia kwenye nyasi, ukalizunguka gari, ukakutana na mkia wake. Gari likainamisha pua, likaenda. Kisha kimya, pampu tu inanguruma.

Nikatambaa kifudifudi hadi ukingoni, udongo unameguka chini ya viwiko vyangu. Kama mita saba chini, gari limelala ubavu ndani ya maji meusi. Shangazi amekaa juu yake, amekumbatia dumu tupu, damu inamchuruzika kwenye nyusi.

"Umevunjika?"

"Mkono wa kushoto haunitii. Leteni kamba."

"Kamba iko garini."

"Basi hongera zetu."

Nyuma yangu Spana akaongeza kasi ya pampu. "Nalikausha shimo lote, shemeji, huzami!"

"Zima!"

"Nini?"

"Zima pampu, Spana. Kila ukivuta, kuta zinanijia."

"Nikizima maji yatapanda."

"Ndiyo nayataka. Yanipandishe."

Pande la udongo kubwa kama meza likaanguka karibu yake, wimbi likamyumbisha. Spana akanigeukia. "Msomi, chuo kinasemaje?"

Dada, sijawahi kuogopa neno langu mwenyewe namna ile. Nikasema, "Zima."

Akazima.

Mwanzoni hakuna kitu. Halafu maji yakaanza kububujika kutoka kwenye matundu, kuta zikatulia. Yakamfika miguuni, kiunoni. Akayaonja.

"Yana chumvi. Bahari inajaa?"

"Mpaka saa sita."

"Vizuri. Isichelewe."

Gari likapotea chini yake. Akabaki anaelea na lile dumu, mkono mmoja, anapiga miguu, anamtukana Spana ili asisinzie. Spana anamjibu huku analia. Saa nzima na nusu! Alipobakiza kimo cha mtu kufika ukingoni, Spana akafungua mpira wa pampu, ule uliokuwa unakausha kinamasi, akamrushia. Akaupitisha kwapani. Tukalala juu ya ubao wa meza yetu ya vipimo, ukingo usimeguke, tukavuta mpaka viganja vikachunika. Akatoka kama samaki, akatapika, akauliza daftari liko wapi.

Tulirudi kwa miguu kilomita sita, tukichoma ardhi kwa bomba la chuma kabla ya kila hatua. Spana ndiye aliyetangulia na bomba. Tulipokanyaga lami nikaibusu. Yeye akavua ufunguo wa pampu shingoni, akamvisha shangazi.

"Ukae nao wewe."

Shangazi hakucheka. Alikuwa anaitazama lami, anataka tutembee pembeni. Kule chini, kabla maji hayajapafunika, aliona pango linaendelea, refu, na limeelekea hukuhuku barabarani.

Sasa yuko zahanati, mkono kwenye plasta. Kakataa kulala mpaka barabara ikafungwa, na asubuhi wahandisi wanakwenda kumsikiliza kitandani kwake. Nitakuwepo. Niwekee maji ya kuoga. Kesho nikirudi nakwambia pango limefika wapi.