Kitabu Juu ya Kabati

Kila siku Kifungo alirudi kutoka shule mbio. Hakusalimia mtu. Alitupa mkoba mlangoni, akakimbilia chooni. Mama yake, fundi wa cherehani, alidhani ni haraka za kitoto tu.

Kilichomuumiza roho ni kingine. Tangu wahamie nchi hii, miezi miwili sasa, mtoto hakuwa ametamka neno darasani. Na nyumbani anaongea mpaka unamwomba apumzike!

Jumamosi asubuhi jirani yao, mkutubi wa shule aliyejua lugha yao kidogo, alikuja kuchukua sketi yake.

"Mama Kifungo, kile kitabu nilichompa mwanao mmekionaje?"

"Kipo salama, dada!" Mama alipanda kiti, akakishusha kutoka juu ya kabati. Alikuwa amekifunga kwa mfuko wa nailoni. "Hajakigusa. Kikichafuka, watasema wageni hawajui kutunza vitu. Tena mimi lugha ya huku siisomi."

Mkutubi alicheka, lakini si kwa dharau.

"Hakikuja kupumzika hicho! Kinahusu mtoto mgeni shuleni, kama wako. Maandishi yaache. Tazameni picha, mzungumze kwa lugha yenu. Muulize, 'Huyu anafanya nini?' Halafu msikilize."

Mama aliacha cherehani, akamwita Kifungo. Wakakaa sakafuni wote watatu. Katika ukurasa wa nne, mtoto alisimama peke yake uwanjani, amebana miguu.

"Huyu anafanya nini?" mama aliuliza.

Kifungo aliisogelea picha. "Amebanwa na mkojo. Hajui kuomba ruhusa. Akikosea watamcheka. Basi anajikaza mpaka nyumbani."

Mama alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. "Pole, mwanangu. Miezi miwili yote?"

Mkutubi aliwafundisha maneno ya kuomba ruhusa. Wakayarudia pamoja. Mama alikosea kuliko wote, Kifungo akacheka mpaka akashika tumbo.

Jumatatu Kifungo alirudi akitembea polepole. "Mama, nimesema! Mwalimu hata hakushangaa!"

Ijumaa mama alirudisha kitabu mwenyewe, uso chini. Ukurasa wa nne ulikuwa na alama ya kidole chenye mafuta ya cherehani.

"Nisamehe, dada. Ni mimi niliyekichafua."

Mkutubi aliitazama ile alama, akatabasamu. "Sasa hiki kimesomwa." Akampa vingine viwili.

Safari hii mama hakutafuta nailoni.