Nani Amerudisha Shokapu za Zamani?

— Linadunda, Fundi. Linadunda vilevile.

Nilikuwa nimelala chali chini ya lori la mtu mwingine, nikaona viatu vyake vyeusi kabla ya kumwona yeye. Moyo ukanienda mbio. Viatu tu, jamani, na moyo ukanienda mbio.

Nikajivuta nje, nikajifuta mikono.

— Karibu. Habari za safari?

— Safari gani? Nimevunja lenzi nne njiani. Mashine ya kupimia macho imelegea skrubu. Hii ni mara ya tatu nakuja hapa, dada. Nikitoka na gari bovu leo, naenda kwa fundi mwingine.

Dada! Asubuhi ileile, saa moja na dakika kumi, simu yangu ilipokea ujumbe kutoka namba yake, na nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri:

"Leo tunakuja. Gari ni kisingizio tu, mimi nahesabu saa nikuone. Usianze kazi kabla hujanywa chai."

Sasa huyu aliyesimama mbele yangu na uso ameukunja, ananiita dada, ni nani?

Tulikuwa tunamwita Miwani. Ni mpimaji wa macho. Hana duka, ana gari la nyumba, refu, jeupe, lenye vitanda, jiko na sinki ndani, na nyuma amefunga mashine zake na kabati la lenzi. Anazunguka huku na kule, anapima watu macho na kuwakatia miwani hapohapo. Humo anaishi na mama yake mzazi, ambaye ndiye anayeandikisha wagonjwa na kushika simu ya mwanawe akiwa kazini.

Mimi ni fundi katika gereji ya kaka yangu. Kazi yangu ni springi, shokapu na kila kitu kinachozuia gari lisirukeruke. Gari la fundi mwanaume likirudi, watu husema barabara mbovu. Langu likirudi, husema si tulijua?

Kaka alikuwa tayari ametoka ofisini. Akanivuta pembeni.

— Kwani gari hili lina jini?

— Sijui, kaka.

— Hujui? Si wewe uliyelifunga? Sikiliza. Likija mara ya nne, unaingia ofisini kupokea simu. Magari utawaachia wengine. Naongea kama mwenye gereji, si kama kaka yako.

Ofisi yenyewe ina kiti kimoja na dirisha lisilofunguka. Miaka kumi na moja nimemeza vumbi la chini ya magari ili nisiingie humo. Nikaitikia kwa kichwa.

Na kweli sikuelewa. Siku ya kwanza nilikandamiza gari kwa nyuma, nikaliachia. Gari lisilo na tatizo huinuka mara moja likatulia. Lile lilipanda na kushuka mara tano. Shokapu mbili za nyuma zilikuwa zimevuja mafuta, zimekufa kabisa. Nikafunga mpya. Zile mbovu nikamkabidhi mama yake, kama tunavyofanya kwa kila mteja, ili aone kwamba tumebadilisha kweli.

Mara ya pili, baada ya wiki tatu, nikachungulia chini harakaharaka. Nikaona shokapu nyeusi, kavu, hazina tone la mafuta. Nikasema basi, tatizo ni bushi, zile raba za kwenye springi. Nikabadilisha bushi za springi, nikapunguza upepo wa matairi, gari likatulia kidogo. Nilipaswa kuangalia vizuri zaidi, lakini siku hiyo macho yangu yalikuwa yanamwangalia yeye.

Tatizo lilikuwa zile meseji. Zilianza siku mbili baada ya kazi ya kwanza.

"Fundi, umefika nyumbani salama? Mikono yako hodari ipumzike."

Nikajibu kwa adabu. Kesho yake nyingine, na kesho kutwa nyingine. Kufikia wiki ya pili nilikuwa naandika mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilimwandikia: "Nikisikia gari kubwa linakata kona, naacha kazi nichungulie kama ni wewe." Nilimwandikia: "Nimechoka kuwa hodari. Nataka mtu wa kuniuliza kama nimechoka." Akajibu: "Umechoka?" Nikalia, mimi, mtu mzima, nimeshika spana.

Halafu anakuja ana kwa ana, anasema linadunda, anaangalia saa.

Mwanaume gani huyu? Nilijiuliza hadi kichwa kikauma. Kama ananipenda, mbona hanitazami? Kama hanipendi, hizi meseji ni za kazi gani?

Basi siku hiyo ya tatu nikaliingiza gari juu ya shimo la kukagulia magari, nikashuka na taa. Miwani akachuchumaa pembeni.

Mimi nina tabia moja. Nikishakaza nati, napiga mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Nati ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika. Nikamulika. Mstari haukuwepo. Nati zenyewe hazikuwa zangu. Nikakwaruza shokapu kwa bisibisi. Rangi nyeusi ikabanduka, na chini yake kutu na mafuta ya zamani.

— Nani amegusa gari hili?

— Hakuna.

— Miwani, hizi si shokapu nilizofunga. Hizi ni zile mbovu. Zimefutwa, zimepakwa rangi, zikarudishwa.

— Unataka kuniambia nimeziiba mwenyewe?

— Sijui ninachotaka kukuambia! Wewe niambie! Asubuhi unaniandikia unahesabu saa unione, saa nne unaniita dada mbele ya watu. Unaharibu gari ili upate sababu ya kuja, ukija unanitukana. Una akili timamu wewe?

Akaivua miwani.

— Nimekuandikia nini?

— Usinifanye mjinga.

— Fundi, mimi sijawahi kukuandikia. Hata salamu. Namba yako iko kwenye simu kwa sababu ya gari tu.

Nikapanda juu, nikampa simu yangu. Akasoma amesimama. Akashuka na meseji moja baada ya nyingine, zilizotoka kwenye namba yake na zangu. Masikio yakamwiva. Alipofika kwenye ile ya kuchoka, akairudia kuisoma mara ya pili. Kisha akatoa simu yake, akatafuta. Hakuna kitu. Zote zimefutwa.

— Namba ni yangu, akasema polepole. Maneno si yangu.

Niliona aibu ambayo sijui niifananishe na nini. Nilitamani lile shimo lifungwe juu yangu. Nikageukia gari, maana gari angalau ninalijua, nikaropoka kwa hasira:

— Na aliyefunga hizi shokapu ni mtu wa ovyo! Nati mbili mbili, bolti zimetazama ndani. Kazi ya kubahatisha!

Dirisha la jiko la gari likafunguka juu yetu.

— Ovyo? Nani wa ovyo? Nati ya pili ndiyo inayoizuia ya kwanza isilegee! Ninyi wa siku hizi mnapaka rangi ya kucha mnadhani ni ufundi!

Hata nyundo za mafundi wanaonyoosha mabati ya magari zikanyamaza.

Mama yake alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakitazama kikombe, akatutazama sisi. Akajua ameshajimaliza.

— Mama, Miwani akasema. Teremka.

Akateremka, mwanamke mfupi, amejifunga kitenge vizuri, na kwa mara ya kwanza nikazitazama kucha zake. Zilikuwa na weusi ule ambao sabuni haiutoi. Ninazo kama hizo.

— Shikamoo, mama, nikasema.

— Marahaba, mwanangu. Miaka ishirini na miwili nilikuwa karakana ya mabasi. Niliacha yeye akiwa mdogo, ameshasahau. Hata tairi hawezi kubadilisha huyu.

— Mama, umevunja lenzi zangu!

— Nne tu.

— Na simu yangu?

— Ukipima watu macho au ukiendesha, simu si ninashika mimi?

— Kwa nini?

Akamwonyesha kidole mwanawe, lakini alikuwa anaongea na mimi.

— Miaka thelathini na minane. Anatazama macho ya watu kutwa nzima na hajaona kitu. Siku ile ulipotoka chini ya gari ukamfokea asikanyage spana zako, akacheka. Njia nzima anacheka mwenyewe. Nikamwambia mpigie simu, akasema gari limeshapona, nimpigie niseme nini? Basi nikalirudishia ugonjwa.

— Mama, nikasema, na sasa machozi yalikuwa yanakuja bila ruhusa. Kaka yangu anataka kunitoa kwenye magari. Miaka kumi na moja! Watu wananicheka humu. Halafu yale niliyoandika... niliyaandika nikidhani kuna mtu.

Ule ujanja wote ukamtoka mama usoni.

— Hilo la kazi yako sikulifikiria, akasema. Wallahi sikulifikiria. Nisamehe, mwanangu.

Akakwenda ofisini kwa miguu yake. Tukamsikia kupitia mlango akimwambia kaka yangu, kwa sauti ambayo gereji nzima iliisikia: Dada yako hana kosa, kazi yake nimeifungua kwa mikono yangu na bolti zilinitoa jasho. Kaka akatoka akiwa hajui acheke au aite polisi.

Shokapu mpya zilikuwa chini ya kitanda cha mama, zimefungwa kwenye shuka. Nikazirudisha mahali pake. Miwani alinishikia taa. Nilipomaliza nikakandamiza gari, likainuka mara moja, likatulia.

— Fundi, akaanza.

— Gari limepona. Nendeni. Msirudi.

Wakaenda.

Wiki ya kwanza simu ilikaa kimya. Ya pili pia. Nilimchukia, nikamkumbuka, halafu nikachanganyikiwa: namkumbuka nani hasa? Mwanaume ambaye hajawahi kuniambia kitu, au mama mmoja mwenye meseji tamu? Rafiki yangu akaniuliza kama nimeachwa. Nikamwambia sijui. Akasema mtu hujua kama ameachwa. Nikamwambia mimi sijui.

Siku ya kumi na saba, saa sita mchana, nikiwa chini ya basi la shule, nikaona viatu vyeusi. Vina vumbi hadi kwenye kamba.

Nikajivuta nje.

— Gari liko wapi?

— Nimeliacha kwa mama. Nimepanda basi, nikatembea kutoka kituoni.

— Linadunda?

— Halidundi. Nimezunguka nalo siku zote hizi, hata glasi ya maji haimwagiki. Ndiyo shida yangu.

— Shida gani?

— Nikakosa sababu ya kuja.

— Na umekuja.

— Nimekuja bila sababu.

Wenzangu walikuwa wameacha kazi. Kaka alikuwa mlangoni mwa ofisi, anajifanya anasoma karatasi, ameishika juu chini.

— Sema basi, nikamwambia. Leo mama hayupo wa kukusemea.

Akahangaika. Akaifuta miwani, akaivaa, akaivua tena.

— Mimi sijui kusema. Nilikuwa nakuja hapa nimekasirika kwa sababu kila nikirudi nilitaka kuamini wewe ni fundi mzuri, na gari linakataa. Nikawa nakuita dada ili nisikuite kitu kingine. Zile meseji hazikuwa zangu. Sitakudanganya, hata moja. Lakini majibu yako niliyasoma yote siku ile, na tangu hapo sijalala vizuri. Nimemwonea wivu mama yangu mzazi, Fundi. Nilitamani majibu yale yangekuwa yameandikwa kwangu.

Nilikuwa na grisi hadi viwiko. Nilikuwa bado na hasira, na nilikuwa na maswali mengi. Lakini jibu la hilo moja nililijua, na ndilo jambo la kwanza kulijua kwa hakika tangu gari lile liingie kwenye gereji yetu.

— Yaliandikwa kwako, nikamwambia.

Akanitazama, safari hii machoni.

— Umechoka? akauliza.

— Nimechoka sana.

Akavua koti lake zuri, akalitandaza juu ya rundo la matairi, akanionyesha nikae.